Kopo la mate, mkanda wa kifua na kihisi cha vumbi: kipi kinunuliwe na anayehofia mapigo ya moyo

Tuanze na uamuzi, maana yupo msomaji ambaye ameshaweka kopo la mate la kupimia DNA kwenye kikapu cha duka la mtandaoni. Kama unachotaka kujua ni iwapo hewa chafu inavuruga mapigo ya moyo wako kuliko ya jirani yako, usinunue kipimo cha DNA. Nunua mkanda wa kifua wa Polar H10 na kihisi kimoja cha vumbi. Kama moyo wako umewahi kudunda ovyo bila sababu, tanguliza KardiaMobile 6L, kifaa kidogo cha kurekodi umeme wa moyo (ECG). Haya yanayofuata ni sababu za uamuzi huo, pamoja na namna ya kuvitumia vifaa hivi bila kujidanganya.

Swali lenyewe si la kupuuzwa. Vumbi linalotajwa hapa ni PM2.5, chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu, zinazotoka kwenye dizeli, mkaa, kuni, takataka zinazochomwa na mabomba ya viwanda. Pua haizizuii. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, zinawasha miisho ya neva na kuzalisha molekuli kali zinazounguza seli. Neva zikiwashwa, neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, inalegea. Mwaka 2013 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 176 waliopandikizwa ICD, kifaa kinachokaa chini ya ngozi ya kifua na kuandika kila hitilafu ya mapigo pamoja na saa iliyotokea. Kila PM2.5 ilipopanda kwa mikrogramu 6 katika mita ya ujazo ndani ya saa 2 zilizotangulia, uwezekano wa vyumba vya juu vya moyo kuanza kutetemeka (fibrilesheni ya atria) uliongezeka kwa asilimia 26. Ni saa 2 tu, wala si miaka 20 ya kuvuta moshi. Na katika wagonjwa wote hao, waliopatwa na mitetemo hiyo walikuwa 49. Waliobaki 127 walipumua hewa ya eneo lilelile.

Kwa nini mioyo haifanani? Sehemu ya jibu ilitoka Boston hukohuko, kwenye Normative Aging Study, utafiti wa askari wastaafu ulioanza mwaka 1963. Wazee hao walipimwa HRV, yaani kiasi ambacho muda kati ya pigo na pigo unabadilika. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza. Mabadiliko hayo yakififia, breki ya vagasi imedhoofika. Mwaka 2005 ilionekana kwamba wale ambao jeni ya GSTM1 haipo kabisa mwilini mwao, PM2.5 ikipanda kwa mikrogramu 10 katika saa 48 zilizotangulia kipimo, sehemu ya HRV inayofuata pumzi ilipungua kwa asilimia 34. Waliokuwa na jeni hiyo hawakuguswa. GSTM1 hutengeneza kimeng'enya kinachosaidia kuosha sumu za moshi, hivyo asiye nayo ni kama nyumba isiyo na fagio.

Mwaka mmoja baadaye likaja tokeo la pili, na hili ndilo linalopaswa kumfanya mnunuzi wa kopo la mate asite. Jeni ni HFE, inayosimamia chuma mwilini. Mabadiliko yake mawili, C282Y na H63D, yanajulikana kwa ubaya: aliyerithi C282Y kwa baba na kwa mama anaweza kurundika chuma kwenye ini na moyo. Lakini kwa upande wa vumbi mambo yaligeuka. Wazee wenye HFE ya kawaida ndio walioathirika, sehemu ileile ya HRV ikishuka kwa asilimia 31.7 kwa kila mikrogramu 10. Waliobeba mabadiliko hayo hawakuonyesha athari. Jeni ileile ambayo ripoti ya afya inaiwekea alama ya hatari, kwenye suala la moshi ilionekana kama ngao. Mtu anayesoma ripoti ya jumla bila kujua hili anaweza kuelewa kinyume kabisa.

Sasa tutazame bidhaa yenyewe. Kipimo cha kampuni ya Marekani ya 23andMe, ambacho ni miongoni mwa vile maarufu zaidi, kwa utaratibu wa matumizi ni kizuri. Kwa dakika 30 kabla yake huli, hunywi, huvuti sigara wala hutafuni bazoka. Unatema mate hadi kwenye mstari, takriban mililita 2, mapovu hayahesabiwi. Unafunga kifuniko chenye dawa ya kuhifadhi, unatikisa sekunde 5, unatuma. Kosa la kawaida ni kuhesabu povu kama mate, na maabara inarudisha jibu kwamba sampuli haikutosha. Matatizo makubwa yanaanza baada ya hapo.

La kwanza ni la kiufundi. Teknolojia ya kipimo hiki husoma herufi moja moja katika maeneo laki kadhaa yaliyochaguliwa, kati ya herufi takriban bilioni 3. Inafaa kwa C282Y na H63D, kwa sababu kila moja ni herufi moja iliyobadilika. GSTM1 ni habari nyingine: hapo hakuna herufi iliyobadilika, jeni nzima imekatwa. Kipimo cha herufi hakikutengenezwa kuhesabu kisichokuwepo. Anayetaka jibu la GSTM1 anahitaji maabara inayofanya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Na hata hapo lazima uulize swali moja: mnaweka jeni ya udhibiti, ambayo kila mtu anayo, kwenye chupa hiyohiyo? Katika mtindo uliozoeleka, GSTM1 huonekana kwenye jeli kama mstari wa herufi 215, na jeni ya albumini kama mstari wa 350. Albumini ikionekana na GSTM1 isionekane, jeni haipo. Yote mawili yasipoonekana, kipimo kimeharibika, pengine DNA ilikuwa kidogo au chafu. Maabara inayokupa jibu la "haipo" bila mstari wa udhibiti imekuuzia bahati nasibu.

La pili linawahusu wasomaji wengi wa Kiswahili moja kwa moja. C282Y ni mabadiliko ya watu wenye asili ya Ulaya, hasa kaskazini. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara karibu hayapo. Kwa hiyo ukurasa wa HFE kwenye ripoti ya Mtanzania au Mkongo, mara nyingi mno, utasema "hakuna lililoonekana", na hilo halimwambii chochote asichokuwa amekitarajia. GSTM1 ina maana zaidi kwetu: takriban nusu ya watu wenye asili ya Ulaya hawana jeni hii, na kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni karibu robo hadi theluthi. Tatizo ni lile la juu: GSTM1 haimo kwenye ripoti. Na hesabu za jumla za kurithi fibrilesheni ya atria, zinazojumlisha mamia ya herufi ndogo ndogo, zimejengwa zaidi kwa data za Wazungu, na zikihamishiwa kwa Waafrika usahihi wake unashuka.

Kuna badiliko moja la jeni ambalo mtu mwenye asili ya Afrika anapaswa kulijua, nalo ni S1103Y kwenye SCN5A, jeni ya mlango wa sodiamu wa seli za moyo. Mwaka 2002 liliripotiwa kupatikana kwa takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi, na linaongeza kidogo uwezekano wa mapigo kuvurugika, hasa potasiamu ikishuka au mtu akitumia dawa zinazorefusha muda wa QT, yaani muda ambao vyumba vya chini vya moyo vinatumia kusinyaa na kutulia tena. Kulihusisha na moshi kungekuwa kurukia mambo. Tumelitaja kwa sababu mwenye kuzimia bila sababu, au aliyefiwa ghafla na ndugu wa damu akiwa kijana, anahitaji uchunguzi wa jeni za moyo unaosimamiwa na daktari, na kopo la posta halichukui nafasi hiyo.

La tatu ni usiri. Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za wateja takriban milioni 6.9 wa 23andMe. Machi 2025 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na Julai mwaka huohuo mali yake ikanunuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi isiyo ya kibiashara inayoongozwa na mwanzilishi wake, Anne Wojcicki. Nenosiri ukilibadilisha, limebadilika. Vinasaba vyako, na vya watoto na wadogo zako vilivyomo humo, havibadiliki. Kwa jibu ambalo halijibu swali, hiyo ni bei kubwa mno.

Tuhamie kwenye kifaa kinachostahili pesa yako. Polar H10 ni mkanda wa kifua kutoka Finland, Marekani huuzwa kwa kiasi kinachokaribia dola 100. Hausomi jeni zako. Unasoma kile ambacho jeni zako, umri wako, uzito wako na dawa zako vimefanya kwa pamoja kwenye moyo wako, na hicho ndicho watafiti wa Boston walichokuwa wanakipima. Unapima muda kati ya pigo na pigo kwa usahihi wa milisekunde 1. Saa za mkononi zenye taa ya kijani zinakisia mapigo kutokana na damu inayopita kwenye ngozi, na mkono ukitikisika kidogo au mkanda ukilegea zinapotea. Kwa kuhesabu mapigo kwa dakika hazina ubaya. Kwa kazi hii hazitoshi.

Mkanda una saizi mbili: XS–S kwa kifua cha sentimita 51 hadi 65, na M–XXL kwa sentimita 65 hadi 93. Pima chini ya matiti kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kuagiza, kwa sababu mkanda uliolegea ndio chanzo cha kwanza cha namba za uongo. Chanzo cha pili ni ukavu. Lowesha sehemu za mpira kwa maji, au kwa jeli ya ECG kama unayo, na ufute mafuta ya kupaka kifuani. Ukimaliza, chomoa kile kidude cha katikati, maana kikibaki kimebanwa kwenye mkanda wenye unyevu kinaendelea kujiona kimevaliwa na betri ya CR2025 inaisha kabla ya wakati. Suuza mkanda kwa maji baada ya kila matumizi. Jasho la chumvi la pwani linaua sehemu za mpira polepole: kwanza namba zinaanza kuruka asubuhi moja moja, kisha kila siku, na watu wengi hubadilisha betri mara tatu kabla ya kugundua kuwa uliochoka ni mkanda. Mkanda wa kitambaa unauzwa peke yake, huhitaji kununua kifaa kizima.

Namna ya kupima: asubuhi, baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya chai, kahawa au sigara. Kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee. Tulia dakika 5, kisha rekodi dakika 5. Pumua kawaida. Ukipumua polepole kupita kiasi, chini ya pumzi 9 kwa dakika, mawimbi ya pumzi yanahamia kwenye eneo jingine la hesabu na namba ya HF, ile sehemu ya HRV inayofuata pumzi, inadanganya. Programu ya Elite HRV inarekodi kwenye simu, na Kubios, nayo ya Finland, inachambua kwenye kompyuta. Tazama RMSSD kwanza, kipimo cha HRV kinachotokana na tofauti kati ya muda wa pigo moja na wa linalofuata. Ni rahisi na haiyumbishwi sana na pumzi. Programu ikisema imesahihisha zaidi ya asilimia 5 ya mapigo, tupa kipimo hicho. Pigo moja lililokuja kabla ya wakati wake linaweza kupandisha RMSSD ya dakika 5 ikaonekana nzuri kumbe ni uongo.

Hapo ndipo penye kosa la hatari kuliko yote ya kifaa hiki. Mtu mwenye fibrilesheni ya atria ana mapigo yasiyo na mpangilio, na kwa hesabu ya HRV hilo linatoka kama namba kubwa ya kupendeza. Anafurahi kwamba moyo wake umekuwa wa kijana, kumbe damu inaweza kuganda kwenye atria. Ndiyo maana mwenye umri mkubwa, mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuhisi moyo ukirukaruka aanze na ECG.

KardiaMobile 6L ya AliveCor ni bamba dogo la kuweka mfukoni. Juu kuna sehemu mbili za chuma kwa vidole gumba, chini kuna moja ya kuweka kwenye goti la kushoto au kifundo cha mguu wa kushoto, kwenye ngozi tupu. Ndani ya sekunde 30 unapata mistari sita ya ECG. Toleo dogo lisilo na sehemu ya chini linatoa mstari mmoja na bei yake ni karibu nusu. Kwa kugundua fibrilesheni ya atria mstari mmoja unatosha mara nyingi, lakini lile la sita linampa daktari nafasi ya kuona wimbi la P, yaani umeme wa atria, kwa pembe zaidi ya moja. Tofauti ya bei inastahili.

Kinachoharibu kipimo ni mikono. Vidole vikavu vifute kwa kitambaa chenye maji, vyenye losheni vioshe kwa sabuni. Egemeza mikono kwenye meza au mapaja, usishike kifaa hewani, kwa sababu misuli ya mkono inatoa umeme wake na mstari unakuwa kama nyasi. Chomoa simu kwenye chaja, maana umeme wa ukutani unaingia kama mtetemo wa mara 50 kwa sekunde. Jibu la "haikuainishwa" lisikutie hofu. Mara nyingi ni mikono hiyohiyo. Rudia mara mbili. Jibu likisema huenda ni fibrilesheni ya atria, hifadhi faili la PDF umpelekee daktari, usilifute hata kama kipimo kilichofuata ni safi, kwa kuwa mitetemo hii huja na kuondoka. Kifaa hakitambui shambulio la moyo. Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi ni safari ya hospitali, usikae kurekodi sekunde 30. Na mwenye betri ya moyo au ICD asitumie kifaa hiki bila daktari wake. Kabla ya kulipa, hakikisha programu yake inapatikana kwenye duka la programu la nchi iliyosajiliwa kwenye simu yako, kwa sababu bamba bila programu halina kazi.

Sasa kihisi cha vumbi, na hapa tunakaa kwa muda, kwa kuwa ndicho kifaa pekee kati ya hivi ambacho namba yake unaweza kuibadilisha siku hiyohiyo kwa kuhamisha jiko. Chaguo letu ni AirGradient ONE, ya kampuni iliyoko Thailand. Michoro na programu zake ziko wazi kwa kila mtu, inauzwa ikiwa imeunganishwa au kama vipande vya kujiunganishia, na kihisi cha ndani, Plantower PMS5003, kinachomoka na kununuliwa peke yake. Hili la mwisho ni kubwa. Vihisi hivi vya leza vinachakaa. Plantower inakisiwa miaka 3 hivi, na SDS011, kihisi kingine cha leza kilichomo kwenye mashine nyingi za kujiundia, mtengenezaji wake anaipa saa 8,000, ambazo ni pungufu ya mwaka mmoja ikiwaka mchana na usiku. Mashine iliyogandishwa gundi ikifa kihisi, umenunua pambo. Faida nyingine ni kwamba namba zake zinasomeka ndani ya mtandao wa nyumbani bila kutegemea seva ya kampuni. Umeme unapokatika, inaendelea kwa pawabenki kupitia waya wa USB-C. Kuwa makini tu, baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mzigo ni mdogo.

PurpleAir, mashine nyingine ya kupima vumbi, inafanya kazi kwa vihisi vya familia hiyohiyo ya Plantower, na matoleo yake ya nje yana vihisi viwili vinavyojichunga. Namba za vihisi hivyo, A na B, zikitofautiana sana, kimoja kina mdudu. Si kwa mfano: buibui na vijinondo huingia kwenye feni, na namba inapanda ghafla hadi mamia na kukaa hapo usiku kucha hata hewa ikiwa safi. Zima, puliza kwa pampu ya mkono kwa mkupuo mfupi mfupi, washa tena.

Unyevu ndio adui wa pwani. Leza inahesabu mwanga unaotawanywa na chembe, na chembe za moshi hufyonza maji hewa inapokuwa nzito, zinavimba na kuonekana kubwa. Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam asubuhi, unyevu ukipita asilimia 75, namba ghafi zinavuka mipaka. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limetoa hesabu ya kusahihisha PurpleAir: zidisha namba ghafi (safu iitwayo CF1 kwenye data zake) kwa 0.524, toa unyevu uliozidishwa kwa 0.0862, kisha ongeza 5.75. Mfano, kihisi kinasema 60 na unyevu ni 80: 31.4 ukitoa 6.9 ukiongeza 5.75 unapata takriban 30. Nusu ya ulichoogopa. Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa hewa ya Marekani, na moshi wa mkaa si sawa na wa msitu wa California. Watafiti waliofunga PurpleAir Kinshasa na Brazzaville nao ilibidi kwanza wazisahihishe kwa vifaa vya rejea. Ichukue kama njia ya kulinganisha siku na siku ndani ya nyumba moja, isiwe cheti. Mkazi wa Kampala ana njia bora zaidi: AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, unaonyesha namba za vihisi vyao wenyewe mtaa kwa mtaa, na uko katika miji mingine ya Afrika pia.

Kuna vitu ambavyo vihisi hivi havioni. Chembe kubwa za barabara ya vumbi, zile nyekundu zinazokaa kwenye majani, PMS5003 inazihesabu vibaya, hivyo usiamini safu yake ya PM10, yaani chembe za hadi mikromita 10. Zile ndogo kuliko mikromita 0.3 hazionekani, na moshi mbichi wa dizeli umejaa hizo. Mvuke wa sufuria unaonekana kama moshi. Na kubwa kuliko yote: hakuna hata kimoja kinachohisi kaboni monoksaidi. Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi, kihisi kinaweza kuonyesha namba ya kuridhisha, na gesi hiyo inakuua usingizini, na kabla ya kuua inaunyima moyo oksijeni na kuvuruga mapigo. Anayelala na jiko la mkaa ndani anahitaji kwanza kulitoa jiko, kisha kengele ya kaboni monoksaidi, na mengine yote ya makala hii yafuate.

Weka kihisi mita 1 hadi 1.5 kutoka sakafuni, usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mita 2 kutoka jikoni, mbali na feni. Kipimo cha kujilinganisha ni cha Shirika la Afya Duniani la mwaka 2021: wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15, wa mwaka usizidi 5.

Kuviunganisha vifaa viwili ndiko kunakotoa jibu. Kila asubuhi andika RMSSD, na pembeni yake wastani wa PM2.5 wa saa 48 zilizopita, uliosahihishwa. Kumbuka kihisi cha sebuleni hakijui ulichovuta kwenye daladala au matatu. Anayeshinda barabarani aweke alama ya siku hizo. Andika pia vitu vinavyoshusha HRV bila moshi: homa, malaria, kukesha, pombe, kazi nzito ya jana, dawa ya pumu ya kupuliza, siku za hedhi, na mfungo wa Ramadhani unaobadilisha usingizi na maji mwilini. Usitazame siku moja moja, kwani RMSSD ya mtu mzima hupanda na kushuka kwa asilimia 10 au zaidi bila sababu. Kusanya asubuhi zisizopungua 40, toa zile zenye homa na mkesha, zipange kwa vumbi, kisha linganisha namba ya katikati ya theluthi safi na ya theluthi chafu. Tofauti ikiwa kubwa na ikijirudia ukirudia zoezi miezi mingine, moyo wako ni miongoni mwa inayogusika, iwe kwa GSTM1, kwa unene au kwa umri. Ikiwa hakuna tofauti, usichukue kama ruhusa ya kuota moshi; mishipa na mapafu vina hesabu zao.

Jaribio la pili ni barakoa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 98 wa mishipa ya moyo waliotembea mjini Beijing siku moja na barakoa ya kuchuja chembe na siku nyingine bila. Wakiwa nayo, shinikizo la damu lilikuwa chini na HRV ilikuwa bora. Barakoa ya N95 inayobana pua, wiki mbili ndani ya daladala na wiki mbili bila, inakupa ulinganisho wa aina hiyo. Ya kitambaa haisaidii vya kutosha kwa PM2.5.

Kwenye utafiti wa Boston wa mwaka 2005, wasio na GSTM1 waliokuwa wakitumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, hawakuonyesha athari ya vumbi, na mwaka 2008 wazee wa kundi hilohilo waliokula vyakula vyenye vitamini B6, B12 na methionini kwa wingi nao walionekana kukingwa. Samaki, mayai na maharage haviombi cheti cha daktari. Statini inaomba, na uamuzi wake unafuata kolesteroli na hatari nzima ya moyo, haufuati namba za mkanda. Ukienda kliniki beba karatasi moja: grafu ya asubuhi 40, PDF za Kardia zenye tarehe na saa, orodha ya dawa, na wastani wa vumbi wa chumba unacholala.